Usimdharau Golikipa

Kila jioni kengele ya michezo ikilia, sisi wanafunzi wa bweni hukimbilia uwanjani, na kabla vumbi halijatimka tunagawana timu. Wakubwa wawili husimama mbele, nao huchagua mmoja mmoja kwa zamu. Wa kwanza kuitwa ni wafungaji. Kisha huitwa wenye mbio, kisha wenye kifua cha kuzuia. Mwisho kabisa husalia mtoto mmoja ambaye hakuna amtakaye, naye huambiwa, "Wewe, nenda golini." Desturi hii niliikuta nilipoingia Kidato cha Kwanza, na nimeifuata kwa miaka minne bila kuuliza sababu yake. Leo, nikiwa nakaribia kuwaaga, nataka kusema katika gazeti letu ya kwamba desturi hii ni mbaya, na ya kwamba golini ni mahali pa kumfunza kiongozi, si mahali pa kumtupa anayedhaniwa kuwa hafai.

Yafaa kwanza nikiri kosa langu. Muhula uliopita, katika mchezo wa mabweni, mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza aliwekwa golini kwa njia hiyo niliyoieleza. Akafungwa mabao manne. Mawili yalitokana na mabeki wake waliokwenda mbele wakasahau kurudi, lakini hakuna aliyewauliza mabeki neno lolote. Usiku ule bwenini mtoto yule alipewa jina la "Chujio", na asubuhi yake jina hilo lilikuwa limekwisha fika chumba cha kulia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwita hivyo, tena kwa sauti. Tangu siku ile hakuja tena uwanjani. Jioni alikuwa akikaa peke yake nyuma ya maktaba na kitabu mkononi, na aliyempita alimdhania kuwa mtu wa bidii tu.

Sikuufikiri ubaya huo mpaka niliposoma maisha ya Mwingereza mmoja, Tony Waiters, aliyekuwa golikipa kisha akawa meneja na mwalimu wa timu. Wengi wetu twawajua wafungaji wa Ulaya kwa majina na namba za migongoni, lakini jina hili sikupata kumsikia mtu akilitaja hapa shuleni. Kwa hiyo naomba wasomaji wapenzi waniruhusu niyaeleze maisha yake kwa urefu kidogo, kwa maana ushahidi wa hoja yangu wote umo humo.

Waiters alizaliwa mwaka 1937 huko Southport, mji ulio pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza. Hakuanza kwa kulipwa. Alicheza kwanza mpira wa ridhaa, na alisoma katika Chuo cha Loughborough, kinachosifika kwa kuwafunza walimu wa michezo. Mwaka 1959 aliingia timu ya Blackpool, iliyokuwa katika Daraja la Kwanza, ambalo siku zile ndilo lililokuwa juu ya yote. Akalinda lango lake mpaka mwaka 1967, katika michezo ya ligi zaidi ya 250. Mwaka 1964 aliitwa timu ya taifa ya Uingereza, akacheza mara tano.

Mchezo wake wa pili katika timu ya taifa ndio ninaotaka tuutazame. Mwezi Mei 1964 Uingereza ilikwenda Rio de Janeiro kucheza na Brazil katika uwanja wa Maracanã. Brazil ndio waliokuwa mabingwa wa dunia, na Pelé alikuwamo. Kipindi cha pili kilipoanza Jimmy Greaves aliisawazishia Uingereza, ikawa bao 1 kwa 1. Baada ya hapo mabao yakaingia moja baada ya jingine, na moja kati ya hayo lilikuwa la Pelé mwenyewe. Mwisho wa mchezo Brazil 5, Uingereza 1. Golini alikuwa Tony Waiters. Hebu fikiri, msomaji, angalikuwa katika bweni letu usiku ule angalipewa jina gani!

Lakini mwalimu wa Uingereza, Alf Ramsey, hakumpa jina lolote. Mwaka huo huo alimchagua tena mara tatu. Hata hivyo, ulipofika wakati wa Kombe la Dunia la 1966, ambalo lilichezwa huko huko Uingereza, magolikipa watatu waliochaguliwa walikuwa Gordon Banks, Ron Springett na Peter Bonetti. Waiters hakuwamo. Katika timu yake ya Blackpool alikuwamo kijana wa miaka 21, Alan Ball, ambaye yeye alichaguliwa, akacheza fainali, na akarudi na medali ya bingwa wa dunia. Waiters akabaki kuwa miongoni mwa wale waliokaribia wasifike.

Mtu wa namna hii hufanya nini? Wako watu ambao nafasi moja ikiwapita hukaa kitako maisha yote wakisimulia jinsi walivyoonewa. Waiters aliacha kuichezea Blackpool mwaka 1967, akiwa na miaka 30, umri ambao golikipa bado ana nguvu, akaingia katika kazi ya ualimu wa mpira. Alikuwa mwalimu wa Chama cha Mpira cha Uingereza katika mikoa ya kaskazini-magharibi, kisha akawafundisha vijana wa Liverpool, kisha wa Burnley. Huko Burnley golikipa alihitajika, naye akavaa tena glavu akacheza michezo ya ligi 38, huku akiendelea kuwa mwalimu wa vijana. Hakuona haya kurudi golini akiwa mwalimu, wala hakuona haya kufundisha watoto baada ya kulilinda lango la taifa.

Hapa nataka nisimame kidogo nieleze kwa nini naamini ya kwamba golini ndiko alikojifunza kazi yake ya baadaye. Baada ya kusoma habari zake niliomba mwenyewe kukaa golini Jumamosi tatu mfululizo. Wenzangu walicheka wakidhani nimetania. Siku ya kwanza nilifungwa matatu. Lakini niliona jambo ambalo sikupata kuliona katika miaka minne ya kucheza winga. Nilipokuwa winga nilikuwa nikiona mpira, mstari mweupe, na miguu ya beki aliye mbele yangu. Golini niliwaona watu wote 21. Niliona beki wetu wa kulia amechoka kabla yeye mwenyewe hajajua. Niliona pengo linafunguka katikati kabla adui hajalipita. Nikapiga kelele, wala sikusikilizwa, na bao likapita pale pale. Ndipo nikafahamu ya kwamba kuona peke yake hakutoshi. Lazima watu wakuamini kabla hujawaita, na kuaminiwa hujengwa siku ambazo hakuna bao.

Sasa tuitazame kazi ya meneja. Meneja hapigi mpira hata mmoja. Husimama kando, huona wote, huita, hupanga, na akishinda sifa huwaendea waliofunga. Akishindwa lawama ni yake. Je, hiyo si kazi ya golikipa hasa? Golikipa naye hafungi. Ushindi wake huletwa na miguu ya watu wengine, na kosa lake dogo huonekana na uwanja mzima. Fowadi akikosa mara tano na kufunga mara moja hubebwa mabegani. Golikipa akiokoa mara tano na kukosa mara moja huitwa Chujio. Anayeweza kuvumilia hesabu hiyo kwa miaka kumi, bila kukata tamaa wala kuwachukia wenzake, amekwisha pata nusu ya elimu ya uongozi.

Turudi kwa Waiters. Mwaka 1972 alipewa timu ya Plymouth Argyle, timu ya Daraja la Tatu katika mji wa bandari kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwezi Machi 1973 Santos ya Brazil ilifika Plymouth kwa mchezo wa kirafiki, na Pelé alikuwa pamoja nao. Naam, Pelé yule yule. Alifunga bao lake, la penalti. Lakini mchezo ulipokwisha ubao ulisema Plymouth 3, Santos 2. Najua ya kwamba ulikuwa mchezo wa kirafiki, na sitaki kuukuza kupita kiasi. Nautaja kwa sababu miaka tisa ilikuwa imepita tangu Maracanã, na mtu aliyefungwa matano alikuwa bado yuko kazini, akiwafundisha wachezaji wa daraja la tatu wasiogope majina makubwa.

Msimu uliofuata ulithibitisha. Katika Kombe la Ligi, Plymouth ilisafiri kwenda kwa timu tatu za Daraja la Kwanza, nazo ni Burnley, Queens Park Rangers na Birmingham City, na zote tatu ikazifunga katika viwanja vyao wenyewe. Ilifika nusu fainali mwaka 1974, ikatolewa na Manchester City. Mwaka 1975 ikapanda Daraja la Pili. Mmoja wa wafungaji wake alikuwa Paul Mariner, kijana aliyechukuliwa mwaka 1973 kutoka timu ndogo ya Chorley isiyokuwa hata katika ligi kuu za Uingereza, na baadaye kijana huyo akaichezea timu ya taifa. Waiters alikuwa na jicho la kuwaona wasioonwa, na sidhani ya kwamba alilipata kwa bahati.

Mwaka 1977 alivuka bahari kwenda Canada, kuifundisha timu ya Vancouver Whitecaps, iliyocheza katika ligi ya Marekani ya Kaskazini. Mwaka 1979 timu yake iliitoa New York Cosmos, timu ya kitajiri iliyokuwa na Franz Beckenbauer, kisha ikawafunga Tampa Bay 2 kwa 1 katika fainali. Katika kikosi hicho cha Vancouver alikuwamo Alan Ball, yule kijana wa Blackpool aliyekwenda Kombe la Dunia la 1966 wakati Waiters alipoachwa. Bingwa wa dunia akacheza chini ya amri ya golikipa ambaye hakuchaguliwa, na pamoja wakatwaa ubingwa. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi ya kwamba orodha ya leo si orodha ya milele.

Kuna jambo jingine la Vancouver linalotuhusu sisi Waafrika. Katika timu hiyo Waiters alimchukua golikipa kijana aitwaye Bruce Grobbelaar, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Siku zile wachache sana walimjua. Mwaka 1981 alikwenda Liverpool, na mwaka 1984 alilinda lango la Liverpool ilipotwaa Kombe la Ulaya. Golikipa mzee alimtambua golikipa mchanga.

Baada ya hapo alipewa timu ya taifa ya Canada. Sasa, Canada ni nchi ya mpira wa magongo wa barafuni. Mpira wetu huu ulikuwa kwao ni mchezo wa pembeni. Lakini katika Michezo ya Olimpiki ya 1984, iliyofanywa Marekani, vijana wa Waiters walitoka sare na Iraq, wakafungwa na Yugoslavia, wakawafunga Cameroon 3 kwa 1, na wakafika robo fainali. Waliyepangiwa kucheza naye ni nani? Brazil! Dakika zote zikaisha bao 1 kwa 1, na Brazil wakapita kwa mikwaju ya penalti, 4 kwa 2. Ni haki niseme ya kwamba hiyo haikuwa Brazil ya Kombe la Dunia, kwa sababu kanuni za Olimpiki zilikuwa na mipaka yake. Hata hivyo alikuwamo Dunga, ambaye mwaka 1994 aliinua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Brazil, na timu ile ikarudi kwao na medali ya fedha. Miaka 20 kabla yake Waiters alifungwa matano na Brazil akiwa na wachezaji bora wa Uingereza. Safari hii, akiwa na vijana wa nchi ya barafu, Brazil ilihitaji penalti kumpita. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia.

Jambo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1985. Ile ligi ya Marekani ya Kaskazini ilikuwa imekufa baada ya msimu wa 1984, na wengi wa wachezaji wa Canada hawakuwa tena na timu ya kucheza nje. Baadhi walicheza ule mpira wa ndani ya majumba, juu ya zulia. Pamoja na hayo ilibidi Canada icheze na Honduras na Costa Rica kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Huko Honduras Canada ilishinda bao 1 kwa 0, na aliyefunga alikuwa George Pakos, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza mita za maji katika mji wa Victoria. Mchezo wa mwisho ulichezwa tarehe 14 Septemba 1985 huko St. John's, katika kisiwa cha Newfoundland, mahali pa upepo na baridi, mbali kabisa na joto walilolizoea Wahonduras. Canada ilishinda 2 kwa 1. Bao la kwanza lilifungwa na yule yule fundi wa mita za maji. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, Canada ikapata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia.

Mwezi Juni 1986, huko Mexico, mchezo wa kwanza ulikuwa na Ufaransa, mabingwa wa Ulaya. Waiters alimweka golini Paul Dolan, kijana wa miaka 20. Maana yake kijana huyo alizaliwa mwaka 1966, mwaka ule ule ambao jina la Waiters halikusomwa. Miaka 20 baada ya kuachwa, golikipa yule alifika Kombe la Dunia, na akampa nafasi golikipa mwingine aliyekuwa bado mchanga. Wafaransa walishambulia mchana kutwa. Dolan alisimama imara mpaka dakika ya 79, ndipo Jean-Pierre Papin akafunga bao la pekee. Baadaye Canada ilifungwa na Hungary 2 kwa 0 na Urusi ya Kisovieti 2 kwa 0, ikarudi nyumbani.

Najua hapa yuko msomaji atakayesema, "Basi huyo mwalimu wako alikwenda Kombe la Dunia, akafungwa michezo yote mitatu, wala hakupata hata bao moja. Sifa yake iko wapi?" Swali hili ni la haki, na tena mwenzangu mmoja ameniuliza hivyo hivyo mezani. Ataongeza pia ya kwamba Mexico, iliyo kubwa katika sehemu ile ya dunia, haikushindania nafasi kwa sababu ilikuwa mwenyeji. Yote mawili ni kweli. Lakini mwalimu hapimwi kwa kumlinganisha mwanafunzi wake na mwanafunzi wa shule nyingine iliyo na maabara kumi. Hupimwa kwa kutazama alimkuta wapi na alimwacha wapi. Timu ile haikuwa na ligi ya nje wala haikuwa imepata kufika mahali pale. Kwa muda wa miaka 36 baada ya Waiters, walimu wengi walijaribu na hakuna aliyeifikisha tena Canada huko, mpaka Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar. Jambo linaloshinda watu kwa miaka 36 halikuwa jambo dogo.

Wako pia watakaosema ya kwamba mameneja wengi wenye vikombe vingi walikuwa mabeki au viungo, na magolikipa kati yao ni wachache. Hilo nalo nalikubali. Lakini wachache hao si watu wa kupuuzwa. Raymond Goethals wa Ubelgiji alikuwa golikipa, akaiongoza Marseille kutwaa Kombe la Ulaya mwaka 1993. Dino Zoff alilinda lango la Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1982, na akiwa mwalimu aliifikisha Italia fainali ya Ulaya mwaka 2000. Na tena nauliza, uchache huo unatoka wapi? Pengine ni kwa sababu duniani kote, kama hapa shuleni, mtu akisimama nyuma hudhaniwa kuwa hana la kusema.

Waiters aliandika vitabu vya kufundishia mpira, vikiwamo vya kuwafunza watoto, na aliendelea kukaa Canada. Alifariki mwezi Novemba 2020, akiwa na miaka 83, kwa hiyo hakuiona Canada ikirudi Kombe la Dunia. Golikipa huzoea kukaa mbali na mahali bao linapofungwa.

Sasa ninayo maombi. Kwenu wanafunzi wenzangu, naomba tuache kumpeleka golini mtoto wa mwisho kuchaguliwa. Tukae golini kwa zamu, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja ajue ladha yake. Anayependa kubaki huko abaki kwa heshima. Muhula ujao nahodha wa shule atachaguliwa. Kwa kadiri nijuavyo, katika miaka yangu yote hapa jina la golikipa halijapata hata kutajwa. Sisemi achaguliwe kwa kuwa ni golikipa. Nasema jina lake lisomwe pamoja na mengine, na tuulize nani huwaona wenzake na nani husikilizwa.

Kwenu walimu wetu, naomba mtuvumilie tunaposema haya, kwa maana jambo hili si la mpira tu. Darasani nako kuna golini pake. Kuna mwanafunzi anayekosa swali mbele ya wote, akachekwa, na tangu hapo hainui mkono tena. Alf Ramsey alimrudisha Waiters baada ya mabao matano. Neno moja tu, "Jaribu tena," kutoka kwa mwalimu lina nguvu kuliko sisi wenyewe tunavyoweza kueleza.

Na kwenu wazazi wetu, ambao mtalisoma gazeti hili likizoni, naomba jambo dogo. Mtoto akirudi nyumbani swali la kwanza huwa, "Umekuwa wa ngapi?" na la pili, kwa wapenda mpira, "Ulifunga mangapi?" Maswali hayo si mabaya. Lakini mwulizeni pia alisaidia nini, na alijifunza nini siku aliyoshindwa. Wengi wetu wa Kidato cha Nne tutakaa katika mtihani mwaka huu, na matokeo yakitoka wako ambao majina yao hayatasomwa katika orodha ya kwanza. Wakati huo nawaomba mkumbuke ya kwamba kati ya 1966 na 1986 kuna miaka 20, na ya kwamba mtu aliyeachwa aliitumia yote kwa kufanya kazi.

Mwisho, mtoto yule wa Kidato cha Kwanza. Nilimwendea nyuma ya maktaba nikamwomba radhi. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama ni kweli nami nilifungwa matatu Jumamosi ile. Nikamwambia ni kweli. Akasema bao la pili lilikuwa kosa la beki wa kulia, si langu, maana alikuwa ameliona kutoka pale dirishani. Nikagundua ya kwamba kumbe siku zote hizo alikuwa akiutazama mpira wetu. Hajarudi uwanjani bado, wala simlazimishi. Lakini nimemwambia ya kwamba glavu zangu kuukuu ziko chini ya kitanda changu, na ya kwamba nitakapoondoka mwisho wa mwaka nitamwachia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne